Pale Kitabu Chako Kinapokatikia

Mutoshi, Jumapili baada ya misa

Yaya Antoinette, dada yangu mkubwa mpenzi,

Kifua cha Mama kimetulia? Na wewe, bado unafundisha darasa la pili na kipande kimoja cha chaki? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Ila barua zako usizipeleke tena Kasulo, kwa sababu hatukai tena huko. Nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha.

Unakumbuka kitabu ulichonipa siku nilipopanda lori kutoka Musumba? Ile hadithi ya mapenzi ya Waingereza wa zamani, kwa Kifaransa, isiyo na kurasa za mwisho. Inakatika pale binti yatima anapomkataa bwana tajiri, kisha anashuka ngazi peke yake. Uliniomba nikipata mwisho wake nikuandikie. Nimeupata. Mama Kapinga, muuza makaa, jirani yetu wa Kasulo, ana televisheni, na filamu ya hadithi hiyo ilionyeshwa. Tulijaa nyumbani kwake hadi mlangoni.

"Huyu bwana anaomba ndoa mu bustani, yee peke yake?" Mama Kapinga alipiga kelele. "Bajomba yake beko wapi?"

"Na binti anajibu yee mwenyewe! Aka!" akasema mwingine.

Odette, binti wa Mama mdogo Charlotte, alicheka mpaka machozi, akionyesha gauni la binti. "Ile robe nyeupe, vumbi ya Kasulo ingeimaliza mbele ya saa sita!"

Mimi, Yaya, napenda kitabu kuliko filamu. Katika filamu mvua na muziki vinakuamuru ulie. Katika kitabu binti anakunja glavu zake tu, polepole, na unajua kwamba anaogopa.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelicheka. Katika hadithi hizo baba akifa, nyumba inakwenda kwa ndugu wa kiume, na mabinti wanafunga mizigo. Filamu ilipofika hapo, Mama mdogo alisimama akatoka nje.

Unajua tulimzika mume wake, Tata Sylvain, kabla mvua hazijaanza. Udongo ulimfukia katika shimo la kobalti alilochimba chini ya sebule yake mwenyewe. Matanga yalipokwisha, kaka yake, Tata Donat, alikuja kutoka Likasi akasema nyumba ni ya ukoo wa marehemu. Alileta na habari nyingine: negosian mmoja, mnunuzi wa mawe, anamtaka Odette. Akikubali, sisi sote tutabaki katika nyumba. Mama mdogo hakusema ndiyo wala hapana. Ana watoto wengine watatu wadogo.

Usiku wa kuamkia kuja kwa wageni wa posa nilikuwa namsuka Odette nywele. Akaniuliza, "Julie, bale babinti ya mu bitabu byako, kama banakatala bwana, banakulaka nini?"

Nilipita kichwani katika riwaya zote nilizosoma, yako na zile za maktaba ya masista. Hakuna iliyoandika binti aliyekataa bwana anakula nini. Kila mara anatokea shangazi mwenye mali, au bwana wa pili mwenye nyumba kubwa zaidi.

Wageni wakaja. Desturi unaijua: wanaweka kinywaji mezani, binti anaitwa, anaulizwa mbele ya watu wote kama kinywewe. Akisema kinywewe, amekubali. Kabla ya neno lake hakuna chupa inayofunguliwa. Lakini Tata Donat alikuwa ametoka juani, na kwake jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Alifungua chupa kwa meno, akanywa nusu yake, ndipo akasema, "Muite mutoto."

Odette akaingia. Negosian alikuwa mtu mzima mwenye adabu, viatu vipya. Hakumtazama Odette. Alikuwa akitazama mkeka sakafuni, ule unaofunika mbao za mdomo wa shimo.

"Mutoto," akasema Tata Donat, povu bado mdomoni, "bageni balileta kinywaji. Tunywe ao tusinywe?"

Odette alitazama chupa, akatazama mkeka.

"Tata, ni weye ulishakunywa. Basi ni weye uende kuolewa."

Nje ya dirisha Mama Kapinga aliangua kicheko. Ndani hakuna aliyecheka. Wageni walichukua chupa zilizobaki wakaondoka, na kabla ya jua kuzama Tata Donat alikuwa ametoa masufuria yetu barabarani.

Hakuna shangazi mwenye mali aliyetokea, Yaya. Tuko katika chumba kimoja hapa Mutoshi. Mama mdogo na Odette wanaosha mawe ya wachimbaji, maji yakifika magotini, na vidole vya Odette vimepasuka hata hawezi kushika sindano. Siku nyingine Mama mdogo hamsemeshi. Juzi, akisonga bukari, alisema tu, "Mi nilikuwa na nyumba." Ile nyumba sasa ina wachimbaji, na ufa wa ukuta umefika kwenye paa. Mimi masista wameniacha nimalize mwaka huu wa shule bila karo. Wa mbele siujui, lakini nasoma kama mtu atakayeendelea.

Mpe Mama mkono wangu. Msalimie kaka anayelinda mihogo yetu, nyanya aliyenifundisha kusali, na katekista aliyenitafutia lori.

Mwisho wa hadithi ni huu: bwana anarudi akiwa amenyeshewa, anaomba msamaha, wanaoana, kengele zinalia. Leo Odette aliniomba nimsomee. Nilipofika penye ngazi nikamwambia kurasa zimekwisha, nimsimulie yaliyobaki kama tulivyoyaona kwa Mama Kapinga.

"Ile ya televizyo niliiona," akasema. "Weye soma tena pale anashuka."

Nikasoma tena. Mama mdogo, aliyekuwa ametupa mgongo, aligeuka akauliza, "Alifika chini?"

"Alifika, Mama," nikasema.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Julienne