Jimi na Mkeka Uliolowa

Jumatatu, 5 Machi 1962
Tena. Kidimbwi cha mkojo chini ya kiti cha mume wangu, Baba Salome. Nimefuta kwa siki na majivu harufu iishe, la sivyo Jimi atarudia papo hapo. Mbwa mzima wa miaka sita, amelala nje maisha yake yote. Kaka yangu aliniachia aliporudi Taita. Sasa pana amri: mbwa azururaye hupigwa risasi, kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Lazima akae ndani. Lazima ajifunze.

Jumatano, 7 Machi
Namtoa alfajiri, kila amalizapo kula, na kabla sijaenda sokoni. Pale pale penye mpapai. Akikojoa, namsifu na kumpa dagaa. Anaelewa kabisa.

Nimerudi kutoka sokoni, mkeka umelowa.

"Mbwa wako huyo," akasema mume wangu. Tangu miguu imshinde na kuacha kazi ya reli, wao wawili ndio washindao nyumbani.

Ijumaa, 9 Machi
Bi Zuhura mwenye nyumba kaja. Chumba chake kinapakana na chetu.
"Mama Salome, hapa twasali. Wallahi, mbwa aondoke, au mhame nyinyi."
Nimempiga Jimi kwa ufagio. Hakubweka. Alijikunyata tu. Baba Salome alitazama ukuta.

Jumapili, 11 Machi
Nimempeleka Likoni kwa Kalume, mtunza bustani wa hoteli moja ya Shelly Beach. Alitaka kunifuata, kamba ikamkaba. Nimelia ndani ya feri mbele za watu.

Jumanne, 13 Machi
Mkeka umelowa.

Mbwa hayupo. Nilisimama na kapu mkononi. Suruali ya Baba Salome ilikuwa imelowa mpaka magotini.
"Maji yamenimwagikia," akasema.
Hapakuwa na kikombe wala gilasi.
"Haidhuru. Nitafuta," nikamwambia.
Nilitoka uani nikaegemea ukuta. Alikuwa akiniona nikimpiga mnyama, akanyamaza. Namchukia. Namhurumia. Yote mawili.

Alhamisi, 15 Machi
Likoni, kumrudisha Jimi. Bi Zuhura ningembembeleza.
Kalume hakuniangalia usoni. Jimi alikata kamba juzi, akashika njia ya feri. Wenye bunduki wakamkuta barabarani.
"Niwie radhi, mama. Nimemzika mwenyewe."
Alikuwa akija nyumbani. Kwangu mimi, niliyempiga bure.

Jumapili, 18 Machi
Sikwenda kanisani. Baba Salome amesema mwenyewe, bila kuulizwa.
"Mkojo haunisubiri, mke wangu. Niliona haya. Nikamsingizia."
Nimemwekea mkebe kando ya kiti, na shuka ya kujifunika. Akauliza Jimi yu hali gani. Nikasema amezoea, anakula samaki kila siku. Sikuweza kusema jingine.

Kumbe siku zote hizi chai alikuwa akiionja tu, kwa hofu ya kujikojolea. Leo amemaliza kikombe. Nikammiminia cha pili.