Mkono wa Gia wa Babu

Dodoma, 6 Mei 2023

Babu Sixbert,

Shikamoo. Mafua yangu yamekwisha. Goti lako linaendeleaje?

Nina ombi. Tarehe 24 Juni ni mashindano ya Puge hadi Tabora, nami nitaendesha baiskeli uliyonipa. Ninataka kuondoa mkono wake wa gia. Hauna vituo: nausukuma, nasikiliza cheni ikikwaruza, naurudisha kidogo, na wenzangu wamekwisha kwenda. Wao hubonyeza mara moja, "ta", gia imeingia. Hapa kwenye kambi ya mazoezi wananiita Mpiga Zeze. Nipe ruhusa, tafadhali.

Mjukuu wako,
Elieth

Ntalikwa, 20 Mei 2023

Mjukuu wangu Elieth,

Marahaba. Goti limetulia, na karanga tumevuna.

Nimesoma ombi lako mara mbili. Jibu ni hapana. Mkono huo, kama ule wa baiskeli yangu, hushikwa na mkazo wa skrubu tu, hivyo husimama popote uuachapo. Waya ukilegea, unausogeza mkono zaidi kidogo, basi. Wa vituo hutaka waya uwe sawasawa. Ukilegea, kila gia hukosea, nawe utatafuta fundi porini. Nilikufundisha kusikiliza cheni uani, baiskeli imepinduliwa, nawe umefumba macho. Hao wanaokucheka hawakufundishwa.

Babu yako,
Sixbert

Dodoma, 29 Juni 2023

Babu,

Shikamoo. Nilifika salama.

Sikuugusa mkono wako, na nimekuwa wa nne. Pale barabara ilipochimbwa, gia za wawili waliokuwa mbele zilianza kurukaruka. Niliwapita huku nikisikiliza. Shamila, mmoja wao, sasa ananiita Mwalimu.

Lakini siku ile ulipokuja kunitazama, tulipotoka Tabora mjini kwenda nyumbani Ntalikwa, nilikuwa nyuma ya baiskeli yako. Cheni yako ilikwaruza njia nzima. Niliita, "Babu, usogeze kidogo." Niliita tena. Hukugeuka. Ikichomoka mbele ya lori, je? Niambie ukweli.

Mjukuu wako,
Elieth

Ntalikwa, 30 Julai 2023

Mjukuu wangu Elieth,

Marahaba. Sisi wazima. Nimekawia kwa sababu barua hii niliichana mara tatu.

Sikio la kulia halisikii tangu mwaka jana, na la kushoto linalifuata. Bibi yako Bertila asema ninapita kama mashine ya kusaga. Mwezi huu nimekwenda misa kwa bajaji. Sikupenda. Dereva huongea sana, nami sisikii hata neno.

Sasa ninaomba mimi. Hiyo "ta" ya mkono wenye vituo, husikika kwa sikio tu, au kidole nacho huihisi? Ikiwa kidole huihisi, niletee mmoja. Fundi Mfaume usimwambie. Nimemsimanga miaka mingi kwa kuiuza mikono hiyo, nitamweleza mwenyewe.

Babu yako,
Sixbert

Dodoma, 8 Agosti 2023

Babu,

Shikamoo. Msalimie Bibi.

Kidole huihisi vizuri sana. Ninao tayari mfukoni, na Jumamosi nitakuwa Ntalikwa. Waya nitaukaza mimi. Wewe ipindue baiskeli uani, ukae kwenye kigoda, ufumbe macho.

Mwalimu wako,
Elieth