Kila Mgeni Anamtaka Wifi Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu, maana wivu umenizidi. Tangu mbio za mlimani zianze kufanyika kwetu, kila mwaka wakimbiaji wanakuja kutoka nje na familia zao, kila mwenye chumba cha ziada anapangisha, nami nikamwambia mume wangu na sisi tusilale, tukapaka rangi vyumba vya uani, magodoro mapya, choo kinang'aa, lakini mgeni anaingia, anabonyeza godoro, anatabasamu, halafu ananiuliza neno moja tu, "Wifi?", na mimi kwa uchungu namnyooshea kidole, "Yule pale, mlango wa bluu," basi anashukuru na kubeba begi lake kwenda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hata pazia la maana hana! Amewapa nini? Wamejaa kwake hadi sebuleni, na humo ukutani ana kijisanduku kinachokonyeza taa za kijani mchana na usiku, mimi nasema ni ndumba. Akinisalimu naitikia kwa meno tu, roho inaungua. Waandaaji wa mbio watapita kukagua nyumba, nami nimepanga kuwaambia kwake kuna kunguni. Nikisema nitakuwa nimekosea?

Mwenye Vyumba Vitupu

Pole dada, na unisamehe, nimecheka mpaka nimemwaga kahawa. Mgeni hamtaki dada wa mumeo. Anataka intaneti, nayo huitwa wifi, na hicho unachokiita ndumba ndicho kinachoirusha. Mkimbiaji anataka wa kwao waione medali kabla jasho halijakauka. Wageni umewafukuza mwenyewe kwa kidole chako, wifi wa watu katulia zake anapokea tu.

Hilo la kunguni lifute kabisa. Waandaaji wakilisikia hawatachagua mlango, watahamishia mbio mji mwingine, na hapo mtakosa wote: wewe, yeye, muuza ndizi, dereva wa teksi na mama anayewafulia jezi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kesho nenda kwake, upite mlangoni, usichungulie dirishani. Mweleze ukweli mcheke wote, umwombe namba ya fundi aliyemfungia intaneti, na wale wanaobanana sebuleni awalete kwako. Kisha mgeni akikuuliza tena, "Wifi?", usinune. Mjibu, "Ninayo. Na ninaye."