Fundi Idi, Nilikula Kahawa Kabla ya Kazi

Fundi wangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nikikuuliza wewe hali utasema Gervasi ameanza utani wake. Basi nikupe ya huku. Sisi wazima. Mkeo Mama Zainabu hajambo, miguu imepungua kuvimba. Karakana ya Rwamishenye naifungua kila asubuhi kama ulivyoniachia. Benchi lako nimelisogeza karibu na dirisha, unisamehe, macho yangu si kama yako. Mwezi uliopita nilikuombea misa parokiani kwetu Izigo. Mkeo aliposikia alicheka mpaka akalia, akasema huko uliko utashangaa kuletewa padri. Mvua ya pili hii tangu tukuzike Kibeta, na bado nikikwama kwenye kazi huwa nainua kichwa nikuulize.

Ninalotaka kukuambia ni la ndege. Ndiyo, ndege. Miaka yote ile ulipokuwa ukitusimulia jinsi ulivyoosha injini za ndege Nairobi wakati wa vita, na jinsi wale askari wa Kizungu walivyokuachia spana mwishowe, mimi nilidhani unajipigia ngoma. Ulinichorea kranki sakafuni kwa chaki, ule mtaimbo wa ndani unaozungusha propela. Nilitazama kwa heshima tu. Kumbe ulikuwa unanifundisha.

Mzee Salimu, mnunuzi wa kahawa na ngozi, ambaye lori lake tumelifufua mara ngapi sijui, mwanawe Twaha amerudi kutoka Nairobi na cheti cha urubani. Kijana hakutaka zile ndege za kitambaa zinazokwenda kama baiskeli. Alitaka ya bati tupu, injini moja yenye nguvu, magurudumu yanayojikunja tumboni ikishapaa. Na ilikuwepo moja huku huku Muleba, imeshatumika, mali ya yule Mzungu wa machimbo ya bati tunayemwita Bwana Bati. Bwana Bati anarudi kwao Ulaya, anauza vitu vyake. Mzee Salimu akanijia: "Gervasi, Fundi Idi hayupo. Twende ukaniangalizie wewe." Nilivimba kichwa, sikufichi.

Unakumbuka sheria yako. Usimuulize mwenye gari, liulize gari. Na ya pili, ambayo ulinirudia mpaka nikachoka: usile kwa mtu kabla hujafungua boneti yake, maana ukishatafuna kahawa ya mtu, ulimi wako unakuwa mgeni wake.

Tulipofika, Bwana Bati alitupokea barazani. Yule mtu amekaa kwetu mpaka amekuwa wa kwetu. Aliniambia, "Waitu, karibu ukae," hilo "waitu" letu la heshima kwa Kihaya safi, akanivutia kiti mwenyewe. Mimi, Fundi, ambaye kwa Wazungu wengine huzungushwa mlango wa jikoni. Kisha akaleta akamwani kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, buni zilizochemshwa na kukaushwa kama anavyozifanya mama yangu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Ningekataaje? Sheria yako niliikumbuka vizuri kabisa. Nikachukua mbili, nikatafuna.

Baadaye tukaenda uwanjani, pale alipofyeka nyasi. Ndege nzuri, Fundi, ungeipenda. Twaha alipanda akakaa akishika usukani, uso wote meno. Injini iliwaka mara moja, ikaunguruma bila kukohoa. Ilipozimwa na kupoa, nilizungusha propela kwa mkono, silinda moja moja, kompresheni zote sawa, hakuna inayovuja pumzi. Nikalala chini ya tumbo. Nikaona ribiti, vile vifungo vya kushikizia bati. Safu nzima ilikuwa mpya, na rangi yake ilipishana kidogo na nyingine.

Nikainuka nikaenda kwenye propela, mpya nayo. Nilisimamisha sanduku la mbao kwenye ncha yake nikatia alama, halafu nikazungusha polepole kama ulivyonichorea. Ncha ya kwanza iligusa alama. Ya pili ilipita pembeni, upana wa kidole. Propela mpya haipindi yenyewe. Kilichopinda ni kile inachokalia, yaani kranki. Ndege ile iliwahi kutua kwa tumbo, magurudumu yamesahauliwa ndani, propela ikapiga ardhi huku injini inazunguka. Nilisoma kitabu cha kumbukumbu za ndege ukurasa kwa ukurasa kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hakikuwa na neno la ajali.

Mzee Salimu akauliza, "Vipi, Gervasi?"

Bwana Bati alikuwa amesimama hapo, ananitazama kwa upole. Nikasema, "Injini inaunguruma vizuri."

Haukuwa uongo, iliunguruma vizuri. Lakini si hilo nililoulizwa. Wakapeana mikono, wakaagana Twaha aje Jumamosi kuichukua. Tukapanda gari kurudi Bukoba.

Njiani Mzee alikuwa na furaha. Alisema sasa Mama Twaha hatapanda tena meli ya kwenda Mwanza kutibiwa macho, maana akishaona maji tu anaanza kutapika. Wiki ijayo mwanawe atamvusha ziwa kabla chai haijapoa. Twaha nyuma anacheka. Mimi nilitazama migomba. Nilijiambia labda kipimo changu kibovu, labda sanduku lilihama. Nilijua halikuhama. Tulipofika Izigo, kwenye njia ya kwenda kibanja chetu cha migomba, nilimwomba Mzee asimamishe gari. Alidhani nataka kumsalimu mama.

Nilimwambia yote. Alizima injini, akaniuliza neno moja tu: "Mbona hukusema kule?"

"Nilikuwa nimekula kahawa yake, Mzee."

Yeye ni mtu wa mji, baba yake wa pwani, lakini mama yake Mhaya, uzito wa kahawa anaujua. Hakunigombeza. Aligeuza gari. Twaha hakucheka tena mpaka Muleba.

Bwana Bati alikuwa bado barazani. Nilisimama chini ya ngazi nikamwambia ndege yake ilitua kwa tumbo na kranki imeguswa. Akasema, "Gervasi, umekula kahawa yangu."

"Nimekula, waitu. Ndiyo maana nimekuja kukuambia mbele yako."

Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyechoka. Akasema ni kweli, alisahau magurudumu, akaona haya, asije akachekwa na wenzake. Alifunga propela nyingine mwenyewe, na tangu siku hiyo amekuwa akiruka nayo yeye binafsi. Nilimwonea huruma, Fundi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameficha aibu tu, na mimi karibu nimsaidie kuificha.

Tuliishusha injini mimi na Twaha, tukaitia kwenye sanduku, ikaenda kwa meli mpaka Kisumu na kwa treni mpaka Nairobi. Jibu lilikuja: kranki ina ufa nyuma ya propela, urefu wa ukucha. Bwana Bati akaweka mpya, Mzee Salimu akanunua. Mama Twaha amekwenda Mwanza na kurudi, anajisifu kwamba hakutapika hata kidogo.

Sasa sikia kinachoniuma. Mji mzima unanisifu. Msikitini wanasema, kwenye ngazi za kanisa wanasema: fundi wa Rwamishenye alirudi mpaka Muleba kusema kweli mbele ya Mzungu. Mzee Salimu anahadithia hivyo, kwa wema wake, na ile habari ya Izigo anairuka. Mkeo aliniletea kuku. Nilimpokea kuku huyo, nikashindwa kumla.

Kila mtu ni alirudi, alirudi. Hakuna anayeuliza kwa nini nilikuwa nimeondoka.

Wewe usingeondoka. Sikuwa na mwingine wa kumwambia hili, ndiyo maana nimeketi kukuandikia. Nakuahidi, Fundi wangu: siku nyingine nitasema nikiwa bado nimesimama kwenye nyasi, mafuta mikononi, hata kama aliyenipa kahawa ni mama yangu mzazi.

Pumzika kwa amani.

Gervasi