Gata ya Inchi Nne

4 Februari 2011

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za huko na kazi? Huku tu wazima, ila mama anakohoa kidogo asubuhi. Cherehani yake haijalala hata siku moja. Najua hupokei simu zangu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata katikati.

Nyumba imeezekwa. Zimebaki gata tu za kukinga maji ya paa, na mama amekataa za plastiki kabisa. Anataka za chuma cha kusubu, kama zile alizokuwa akizimimina karakanani na kuzifunga marehemu baba. Nimemwambia ni nzito mno na mimi sijui hata zinachaguliwaje. Akanijibu, "Una kaka fundi, muulize." Basi nakuuliza. Dukani wana inchi nne, tano na sita. Nimepima mwenyewe upande wa nyuma, ndio mkubwa. Urefu wa nyumba ni mita kumi na mbili. Kutoka ukingo wa paa hadi chini ya kilele, nikipima sakafuni, ni mita sita. Kilele kimepanda mita tatu juu ya ukingo. Bomba la kushushia maji litakuwa moja tu, pembeni, kando ya mlango wa jikoni.

Sitaki kubahatisha. Kuta ni za tofali za udongo, na chumba cha mama kiko upande huohuo.

Mdogo wako

Mwanangu, hapa ni mimi. Naandika kwa mkono wangu ujue si maneno ya dada yako. Unakula vizuri? Nina kitambaa kizuri cha suruali. Nitumie kipimo cha kiuno, maana sijui umenenepa au umekonda. Mama.


20 Februari 2011

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, kama kweli ulitaka kujua. Barua yako nimeisomea juu ya jukwaa, ghorofa ya tatu, nikacheka mpaka fundi mwenzangu akanishika mkanda nisianguke.

Yaani karakana ya baba mmeiuza, mkajijengea nyumba, halafu mnamtafuta mtu wa karakana awaambie cha kutundika kwenye nyumba hiyohiyo! Mna nyuso kavu. Siku ya mazishi nilisema mbele ya watu wote kwamba nitarudi kuiwasha ile tanuri. Mama akatia sahihi ya kuiuza, wewe umemshika kiwiko. Usianze tena habari za "ulipotea miaka mitatu". Mtu akienda kutafuta riziki mnauza kitanda chake?

Lakini kazi ni kazi. Vipimo vyako nimevipigia hesabu. Umepima vizuri, sikutegemea hayo kwa mtu aliyekuwa akiogopa kupanda stuli. Chukua inchi nne, nusu duara, vishikio kila baada ya mita moja. Muuzaji atakubembeleza uchukue sita, usimsikilize, utautwisha ukuta chuma cha bure. Nina miaka ishirini na sita kwenye mapaa na sijawahi kukosea kipimo hata mara moja. Uliza popote. Baba mwenyewe alikuwa akinipa mimi nihakiki hesabu zake.

Mwambie mama kiuno changu ni kilekile.

Kaka yako


11 Aprili 2011

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi tumelowa, lakini tuko salama.

Gata zilifungwa kama ulivyosema, na zinapendeza kweli. Mama alizipaka rangi nyeusi kwa mkono wake, akawa anawaonyesha wapita njia: "Hizo kazichagua mwanangu." Ila mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, gata ya nyuma ilijaa kabla sijamaliza kuanua nguo. Maji yakapita juu ya ukingo, yakawa yanamwagika mbele ya mlango wa jikoni kama mtu anamimina pipa. Ukuta una madoa kama ramani. Je, hatukupaswa kuchukua kubwa zaidi? Bado mapema, naweza kubadilisha. Niambie tu.

Mdogo wako


29 Aprili 2011

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Kipimo hakina neno. Ondoa majani kwenye mdomo wa bomba. Kama hakuna majani, basi fundi wako ameifunga imelala, haina mteremko, na hilo si langu. Ungekuwa na karakana jirani ungemwita mtu aje aitazame. Ooh, pole, nimesahau.

Madoa hayaui. Paka chokaa.

Kaka yako


6 Novemba 2012

Kaka,

Shikamoo. Hali yako leo sitaiuliza.

Tangu ile barua yako nimeondoa majani, nimempa fundi akaongeza mteremko, nimepaka chokaa mara tatu. Maji hayakuacha kufurika. Kila mvua mama alitoka na ndoo, akaikinga pale mlangoni. Alikuwa akisema, "Fundi wangu kanivutia maji mpaka jikoni." Nilimkataza kusimama pale, akanicheka. Kumbe maji yalikuwa yanapita kwa nyuma pia, yanaingia kwenye ubao unaoshika vishikio. Ubao ulioza ndani, kwa nje rangi bado inang'aa.

Jumanne iliyopita asubuhi kipande cha mita mbili kiling'oka kikiwa kimejaa maji. Mama alikuwa ameinama kuichukua ndoo. Kilimkuta kwenye mkono wa kulia, kikauponda kwenye ukingo wa ngazi ya mlangoni. Hospitali wameukata juu kidogo ya kifundo.

Ni ule mkono wa mkasi, Kaka. Cherehani nimeifunika shuka, maana anakaa anaitazama tu.

Mdogo wako


19 Novemba 2012

Mdogo wangu,

Pole. Mpe mama pole nyingi sana. Sijui niandike nini. Nimekuwa nikishuka ngazi na kupanda tena bila kujua nimefuata nini.

Lakini tuangalie vizuri. Chuma hakianguki chenyewe. Ubao mliununua wapi? Ulikuwa umekauka? Na wewe, una hakika na vile vipimo? Kama ulipima vibaya, mimi huku ningejuaje? Pengine kosa lilianzia hapo.

Mama anasemaje juu yangu?

Kaka yako


3 Desemba 2012

Kaka,

Shikamoo. Mama anaendelea kupona. Anajifunza kufunga kitenge kwa mkono mmoja na hataki nimsaidie.

Umeuliza kama nilipima vibaya. Nilileta fundi mwingine, mzee mwenye kipara, anapima kwa kamba yenye mafundo. Alipima mwenyewe, akapata vilevile. Kisha akapiga hesabu mbele yangu kwa mkaa, ukutani, juu ya yale madoa. Upana mita sita, ongeza nusu ya kimo, saba na nusu. Zidisha kwa kumi na mbili, tisini. Akasema paa la mita tisini za mraba, bomba moja pembeni, ni inchi sita, hilo hata anayejifunza kwa mwezi mmoja analijua. Nne ni ya banda la kuku. Akauliza nani alinipa nne.

Nikakutaja. Kumbe anakufahamu, mlifanya kazi pamoja. Akasema, "Yule hakosei." Halafu akaanza kukusanya vifaa vyake bila kunitazama.

Nimeitoa barua yako ya mwaka jana sandukuni nikaisoma tena. Umeandika mwenyewe kwamba hujawahi kukosea hata mara moja. Nakuomba, Kaka, sijawahi kukuomba kitu hivi. Niandikie kwamba safari hii ulikosea. Uchovu, jua, mawazo, chochote. Nitaamini hata kama si kweli.

Mdogo wako


22 Desemba 2012

Mdogo wangu,

Sikukosea.

Nimejaribu kuandika kwamba nilikosea, nimechana karatasi mbili. Mkono umekataa. Sijui kama ni ukweli unaonizuia au ni majivuno tu.

Ilikuwa sita. Nilijua kabla sijamaliza kuisoma barua yako. Nilitaka nyumba yako iwe na madoa ambayo kila mgeni atayauliza. Nilitaka uchoke, uje unipigie magoti, nije na ngazi yangu nizibadilishe huku umesimama chini unatazama. Ulipoandika Aprili nilifurahi, nikasema bado kidogo, asubiri. Ningeandika "chukua sita" siku ile, mama angekuwa anashona.

Uliniambia bomba liko kando ya mlango wa jikoni. Niliufikiria huo mlango. Nilidhani atakayelowa ni wewe.

Mimi siwezi kumwambia. Msomee barua hii.

Kaka yako


10 Januari 2013

Kaka,

Sijamsomea. Nimeitia jikoni, imeungua yote.

Usidhani nimekuonea huruma. Alinikuta nimeshika bahasha, akauliza, "Fundi amesema nini?" Nikamwambia anakusalimu. Alishinda anaimba siku nzima, na hajaimba tangu hospitali. Hayo uliyoyafanya kwa mkono wako utayasema kwa mdomo wako, ukimtazama. Nimejaribu kumweleza habari ya kipimo, bila kukutaja vibaya, akaniambia nina wivu na wewe tangu utotoni. Amefanya uamuzi wake, utausoma hapa chini. Mimi nimeapa hakuna fundi atakayegusa kitu mpaka ufike.

Anayoyasema nayaandika neno kwa neno, maana yeye hawezi tena. Baada ya haya sikuandikii.

Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, usisikie ya watu. Najua unajilaumu. Acha. Kosa ni langu, dada yako alinikataza kusimama pale nikajifanya kijana. Nataka nikuambie jambo, usicheke. Plastiki ingetosha. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania chuma, kwa sababu nilijua dada yako hawezi kukichagua bila wewe, atalazimika kukuandikia. Nilitaka muandikiane tu. Na mmeandikiana, kila bahasha naiona, namshukuru Mungu. Suruali yako nilishaikata, haijashonwa. Utanisamehe. Sasa, kuna mzee mmoja wa kipara alikuja kutuambia tuweke inchi sita. Nimemfukuza. Nikamwambia mwanangu hakosei. Nimenunua nyingine, inchi nne ileile uliyosema, imelala barazani inakusubiri. Njoo uifunge mwenyewe kabla ya masika. Usihangaike kutafuta msaidizi. Nitakushikia ngazi mimi, kwa mkono huu uliobaki.

Mama yako