Mtihani wa Macho Nilioufaulu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Mziwanda wetu,

Pokea salamu za kaka yako. U hali gani huko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Sisi hatujambo, ukiniondoa mimi, na mimi nitajieleza nikifika zamu yangu.

Kwanza tangazo. Kwa masikitiko makubwa, familia inakujulisha kwamba jagi la kioo, lile la wageni, lilitutoka Alhamisi saa saba mchana baada ya kupigwa kumbo na kiwiko cha baba mwenye nyumba, yaani mimi. Limeacha bilauri nne yatima na shemeji yako asiyefarijika. Ni chombo cha tatu tangu mwaka uanze. Yeye anasema natembea kama mlango uliong'oka bawaba. Mimi nasema vyombo vinawekwa ovyo. Ndipo tulipofika.

Shuleni nako ni vituko. Unajua wanafunzi wananiita Darubini, maana miaka ishirini na sita hakijapita kikaratasi mbele yangu nisikione. Mwezi uliopita nilisimamia jaribio la hesabu, na safu nzima ya madirishani, kushoto kwangu, ikaleta majibu yaleyale, hata lile kosa ambalo mtu hawezi kulikosea vile bila msaada. Mwalimu mkuu akaniuliza kwa upole kama nilisinzia. Nikamjibu kwa hasira kwamba nilisimama wima muda wote nikiwakodolea macho. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Akanituma kliniki ya macho, nisirudi bila karatasi.

Ndugu yangu, kule wameleta mashine. Unaegemeza kidevu, inapiga picha nyuma ya jicho, kisha kompyuta yenye akili bandia, iliyofundishwa kwa maelfu ya picha za macho ya watu, inatoa jibu kabla hujapangusa machozi. Jicho la kulia ililikataa mara tatu, ati napepesa. La kushoto ikalitia alama nyekundu: aonwe na daktari. Nikamwonyesha muuguzi kwamba naona, nikamsomea herufi zote za ukutani hadi mstari wa chini, na jina la waliochapa bango.

"Mzee wangu," akasema, "hakuna aliyesema husomi."

Mzee wangu, na miaka yangu hamsini na mbili.

Nikadai binadamu. Akaja daktari, binti ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la nne, nikamuuliza tangu lini madaktari wanaamrishwa na kompyuta.

"Hiyo imenionyesha pa kutazama tu," akasema. "Kutazama nitatazama mwenyewe."

Akatazama, yote mawili, akapima na presha ya ndani, kisha akanieleza kwa utulivu wa kuudhi. Ni glakoma. Haiumi, haiwashi, haipigi hodi. Inakula pembeni kidogo kidogo na kuacha katikati safi, ndiyo maana mtu anasoma herufi zote na bado hauoni upande mzima wa darasa. Kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki, basi.

Kwa hiyo kila jioni shemeji yako ananikamata kichwa kama anayeparua samaki magamba. Nikipepesa, tunaanza upya, na lawama nazo zinaanza upya.

Sasa nifike penye aibu. Mwaka jana nilikupigia simu nikijisifu kwamba nimepimwa kwa ile mashine ya kubonyeza kitufe kila uonapo nukta ya mwanga, na nimefaulu. Nikakwambia uachane na habari za ugonjwa wa ukoo, yaliyompata baba yalikuwa uzee. Wewe ulikuwa na miadi ya kupimwa wiki ile. Ukaifuta kwa neno langu.

Ukweli ni kwamba nukta nyingi sikuziona. Niligundua mashine inatoa mlio mdogo, nikawa nabonyeza kila nikiusikia, kumbe hata pale ilipolia bila kuwasha chochote. Mimi niliyefukuza watoto wa watu kwa kikaratasi, niliibia mtihani. Karatasi ilisema majibu hayaaminiki, nirudie. Niliikunja nikaitia mfukoni. Niliogopa, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemshika baba mkono miaka yake ya mwisho, alipokuwa akipapasa ukuta kuutafuta mlango uliokuwa wazi.

Daktari anasema ndugu wa tumbo moja yuko hatarini kuliko mtu mwingine. Na wewe unaendesha basi la wafanyakazi arobaini kila alfajiri. Weka miadi kesho. Wakikupa kitufe, usipoona, mkono wako utulie.

Msalimie mkeo na watoto, na shangazi akipita hapo. Dada mkubwa na shemeji yako wanakusalimu. Mungu akulindie macho, na wewe unisamehe.

Wako akupendaye, aliyekudanganya,

Kaka yako