Ilyasi alishika kulia

Umutoni, baba yangu amekiri sasa hivi. Ilyasi huyu huyu.

Mwaka tisini na mbili Ilyasi alikuwa shoferi mpya wa lori, akitaka kwenda Dar peke yake. Patroni, mwenye lori, akamlazimisha apokezane usukani na baba yako, Silvère.

Wakavuka mpaka wa Rusumo, Silvère amelala. Huku kwetu tunashika kulia, Tanzania wanashika kushoto. Ilyasi akasahau. Yeye, Umutoni. Yeye ndiye aliyeshika kulia.

Basi la abiria likawajia. Silvère akashtuka, "Kushoto!", akauvuta usukani. Lori likaishia mtaroni.

Patroni akauliza nani alikuwa anaendesha. Ilyasi akasema Silvère. Baba yako akanyamaza tu.

Patroni akamgeukia Ilyasi: "Sasa utaenda na mwenzako au peke yako?"

"Peke yangu."

Na juzi harusini tulimcheka tena baba yako kwamba hajui kulia na kushoto. Wewe ndiye uliyecheka zaidi.